Tunakula Mara Ngapi

Mwaka ambao maji yalisomba mpunga wetu kule Mofu, mimi na mama tulikuwa maskini wa kutupwa, na nalisema bila haya kwa sababu lilikuwa kweli. Kufika mwezi wa pili tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, jioni, ugali na matembele. Mavuno mapya yalikuwa bado mbali. Kwa hiyo niliposikia kwamba afisa atapita nyumba kwa nyumba hapa Lipangalala kuandika kaya za kupewa msaada wa chakula, nilifurahi sana. Sisi hatukuwa na haja ya kudanganya. Afisa alitakiwa kufungua macho tu.

Nilimsahau mama. Kwake njaa ni shida ya nyumbani, lakini mgeni kukosa pa kukaa ni fedheha ya mtaa mzima, nasi tulikuwa na kigoda kimoja na mkeka. Asubuhi ya siku hiyo akaenda kuazima kiti kwa jirani yetu, mama mwenye duka la vipodozi sokoni. Jirani akatuletea makochi mawili na vitambaa vyake, meza ya kioo na, baada ya kufikiri kidogo, televisheni. Alisema si vizuri mgeni aangalie ukuta mtupu. Mama akamwombea baraka. Televisheni niliibeba mimi, nikamwacha jirani akitandika gunia sebuleni kwake, amevaa kanga iliyochanika, na bado sikushtuka. Kidato cha nne nilichomaliza hakikunisaidia lolote.

Kisha mama akachinja kuku. Alikuwa tetea wetu wa pekee, na mayai yake ndiyo yaliyokuwa yakitupatia sabuni na chumvi. Mchele akauomba kwa shemeji yake.

Afisa alikuwa binti wa rika langu, ana kishikwambi na viatu vyenye tope. Aliamkia vizuri, akazama kwenye kochi, na kabla hajauliza swali la kwanza mama akamwekea wali. Binti wa watu alikuwa na njaa, alionekana. Alipofika kwenye swali la vyombo vya ndani mama alinyamaza kwa adabu, naye akaviandika mwenyewe kimoja kimoja, akibonyeza kwa kidole kisicho na mafuta. Halafu akauliza swali nililokuwa nikilisubiri.

"Mama, hapa mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu, mwanangu," mama akasema. "Ongeza mchuzi."

Nilikohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Mama akaniambia nikanywe maji.

Wiki mbili baadaye majina yalisomwa kwenye mkutano wa mtaa. Jirani alikuwamo, amekuja na kanga ileile. Sisi hatukuwamo. Mwenyekiti akaeleza kwamba safari hii wamewachukua wasio na kitu kabisa, si wale wanaojiona maskini kwa sababu wenzao wana zaidi, na wakati anasema hayo alitutazama sisi. Niliwaka. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi, nikaanza kusimama. Mama akanivuta sketi, nikakaa.

Nilimnong'oneza kwamba anachotakiwa kusema ni neno moja tu, makochi si yetu. Akatikisa kichwa.

"Yule binti yuko pale mbele," akasema. "Ukisema hatuna, atajua amekula kuku wetu wa mwisho. Atajisikiaje?"

Nikamuuliza mimi najisikiaje. Akanijibu kwamba mimi ni wa nyumbani.

Pingamizi zikafungwa. Tulipokuwa tunatoka binti yule alitukimbilia. Alisema amezunguka mtaa mzima siku ile, kwa jirani yetu alipewa maji matupu, na nyumba iliyomkumbuka kwa chakula ni yetu peke yake. Alimshukuru mama kwa mikono miwili. Mama akamwambia apite tena wakati wowote, na alimaanisha.

Njia nzima alikuwa akimsikitikia jirani. Mtu anafikia mahali pa kumpa mgeni maji matupu, alisema, kumbe hali yake ni mbaya hivyo na sisi hatukujua, basi na wampe tu huo msaada. Mimi nilikuwa nyuma yake nikilia kwa hasira, na nusu ya hasira ile, nikisema kweli, ilikuwa njaa.