Code ya returns iliingia kwa simu ya mama, na mama akanikataa

Wakuu, nawasalimu wote. Hii ni ukweli mtupu, nikiongeza chumvi nikose wateja mwezi mzima.

Kwanza mnijue. Shule niliachia class saba, leo niko na hardware hapa Kyumbi, lori mbili na plot. Nimeshauziwa simiti imechanganywa na jivu. Nimeshatoa lori kwa mto ikiwa imejaa mchanga. Hakuna kitu ya dunia hii ingenishangaza.

Juzi nikaenda cyber Machakos mjini kufile returns za kodi, siku ya mwisho. Foleni hadi nje. Msichana wa cyber akasema system inataka kujua kama ni mimi kweli, itatuma code kwa simu.

Tukangoja. Simu yangu haikulia.

"Mzee, hii namba iko hapa ni ya nani?"

Ai! Hiyo laini nilimwachia mama huko Ndithini nikijinunulia simu kubwa.

Nikampigia, nikaweka loudspeaker msichana asikie namba. Na mjue ni mimi nilimfundisha: mama, matapeli ni wengi, usisomee mtu namba, hata akisema ni mimi.

"Mama, nisomee hizo namba zimeingia."

"Wewe nani?"

"Mutua, mwanao!"

"Hata yule mwizi wa juzi alikuwa Mutua. Na alinisalimia kwanza."

Cyber nzima kicheko.

"Kama ni wewe, mimi hukuita nani?"

Wakuu, kwetu Ukambani kijana wa pili hupewa jina ya baba ya mama yake. Kwa hivyo mama ananiona mimi ni baba yake, tangu nizaliwe. Lakini mtu wa lori mbili, mbele ya foleni?

"Kababa," nikasema polepole.

"Sisikii."

"KABABA KAKO, MAMA!"

Akasoma, moja moja, kama mtu anahesabu mayai. Ikakubali.

Sasa ukishaverify, ukurasa unafunguka na jina yako, unajaza mapato, unatuma. Nikaambia msichana abadilishe namba pia, aweke yangu, mama wa watu asisumbuliwe tena.

Mama alikuwa bado kwa laini.

"Usitoe," akasema. "Hao watu wa kodi huniandikia jina yako. Wewe hupigi. Ikiingia nasema, kababa bado yuko kazini. Nalala vizuri."

Hapo nikajifanya napanguza jasho.

Namba tukaiacha. Msichana akabonyeza kutuma, na huko Ndithini nikasikia simu ikilia ting.

"Imeingia!" mama akasema, na furaha utadhani nimefika mlangoni.

Jumapili nikafika huo mlango.

Funzo: file mapema. Na mzazi usimwachie jina kwa simu, mpelekee mwenye jina. Laini yako ya zamani iko kwa nani? Semeni hapa chini, msiogope.

Kodi nililipa ngapi hiyo ni yangu na serikali. Lakini cyber, airtime, mafuta kwenda na kurudi, sukari, na blanketi ya mama: shilingi 4,370.