Mlango wa Bluu Chini ya Rangi Nyeupe

Baba alitufundisha kusoma bodi ya gari kwa makofi. Alitusimamisha, mimi na kaka yangu, mbele ya kigari kidogo cha Kiingereza, kimojawapo cha vile vya zamani vya milango miwili na magurudumu kama sahani, akatugusisha bati na kuuliza: la kiwandani au la mkono? Ukikosea, kofi. Ukisita, kofi pia. Mimi nilijifunza haraka kwa sababu nilikuwa mwoga. Kaka alijifunza polepole, na sikio lake la kushoto halisikii vizuri mpaka leo.

Sasa ndiyo kazi yangu. Gereji yetu iko Olasiti, kaka ananyoosha bodi na mimi nakagua. Mtu anayetaka kununua kigari cha zamani huniita kwanza nimwambie kipi kilitoka nacho kiwandani na kipi kilibandikwa baadaye. Nafunua mpira wa mlango, maana huko ndiko wadanganyifu huwa hawajisumbui kupaka. Mashine ya kiwanda huacha vidoa vidogo vya kulehemu, mviringo, vimepangana vizuri. Fundi wa gesi huacha mshono mnene uliovimba. Halafu nagonga kwa vidole: bati la asili linalia, puti, ile lipu ya kuzibia mabonde, inakaa kimya. Mdomo wangu ni mchafu, kwa hiyo anayeniletea gari la viraka akaliita la asili huondoka amenuna. Sijali.

Baba naye alikuwa na kigari chake, cha bluu iliyopauka, na alikipenda kuliko sisi. Sisemi hivyo kutafuta huruma, ndivyo ilivyokuwa. Siku moja kaka, bado yuko shule ya msingi, alikuwa akinyoosha ukingo wa chini wa mlango wa kushoto na nyundo ikamteleza. Ikabaki alama ndani ya ukingo, imejipinda kama ukucha. Baba alimpiga kwa kiganja kizima, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka damu ikatoka sikioni, na mama akaja mbio na mwiko mkononi asijue ampige nani. Alama ile baba alikataa izibwe. Alisema anataka kuiona kila akifungua mlango.

Kigari kile kilipotea uani kwetu Kaloleni wakati baba amelazwa. Alikufa akiniuliza kama kimepatikana. Kaka ndiye aliyezunguka kukitafuta, hadi Moshi alikwenda, akirudi jioni amejaa vumbi na mama akimwekea maji ya moto ya kuoga. Mpaka leo mama hasali bila kumtaja kwa hilo.

Mwaka jana, asubuhi ya mvua nyepesi, alikuja mzee mmoja Mmeru kutoka huko juu mlimani, mkulima wa ndizi na kahawa, amevaa koti la kanisani na buti za shambani. Alikuwa na kigari cheupe. Mwanawe mkubwa alitaka akipambe kwa harusi yake, na mzee alitaka kwanza kujua kama ni kizima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nitazamie huyu ng'ombe wangu."

Nikacheka, nikaanza. Sakafu ya kiwandani. Paa la kiwandani. Vidoa vya kulehemu vimejipanga vizuri upande wa kulia, na chini ya mpira rangi ya kwanza ilikuwa ya maziwa. Nikaenda kushoto. Nafasi kati ya mlango na bodi ilikuwa pana juu na nyembamba chini, nikajua mlango umebadilishwa. Nikafunua mpira, nikakwangua kwa ukucha. Bluu. Nikapitisha kidole ndani ya ukingo wa chini, na kidole kikaingia kwenye ile alama.

Nilisema kwa sauti. Sikufikiri. Nilisema, "Huu ni mlango wa gari la baba."

Kaka alikuwa ameinama kwenye gari jingine. Alinyanyuka, akatazama mlango, akamtazama mzee, na kabla mzee hajafungua kinywa akapiga kelele: "Mwizi! Huyu ndiye mwizi wa gari la baba!"

Ukilisikia neno hilo mjini kwetu umeshachelewa. Vijana wa bodaboda wa pale kona waliacha pikipiki zao zikinguruma. Wakaingia wa gereji ya jirani, wakaingia na wapita njia ambao hawakujua hata gari gani limeibwa. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya kaka. Ilimpata mzee mdomoni na jino likatoka, nililiona likidondoka kwenye matope. Ya pili ilikuwa ya mtu nisiyemjua. Kisha sikuona tena ngumi, niliona migongo tu na mateke yanayokwenda na kurudi, na nikasikia sauti ya mbavu za mtu zikipigwa, ambayo haifanani na kitu kingine chochote.

"Niliununua!" mzee alikuwa akilia chini huko. "Mlango niliununua kwa chuma chakavu! Mungu ananiona, twendeni nikawaonyeshe aliyeniuzia!"

"Muongo! Mnyamazisheni!" Huyo alikuwa kaka.

"Leteni tairi!" mmoja akasema, na tairi halikuwa mbali, tuko gereji. Mwingine alishika mpira wa kunyonyea mafuta, akaanza kufungua tangi la pikipiki.

Nilijaribu kupenya nikasukumwa, nikaangukia kwenye kile kigari, uso wangu ukagota karibu na bawaba ya mlango. Pale ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna mwingine pale uani angekiona.

Kwetu tuna desturi. Kabla ya kulegeza bawaba, unachora kwenye mlango, pembeni yake, kwa msumari, ili mlango ukirudi ukae palepale ulipokuwa. Baba alichora mstari mmoja mrefu. Kaka huchora mstari, kisha humalizia kwa msalaba mdogo, sijui alitoa wapi, mkono wake unafanya tu wenyewe. Bawaba za gari la mzee zilikuwa zimekaa pembeni kidogo ya zilipokaa za baba, kwa hiyo alama ya zamani ilionekana chini ya rangi nyeupe. Mstari. Msalaba mdogo, nikaweka kidole juu yake. Mlango ule haukuwahi kung'olewa kwenye bawaba wakati baba ana nguvu zake, hilo nalijua, maana hakuruhusu mtu aguse bawaba zake.

Mwizi hachori alama ya kurudishia mlango.

Nikaelewa kwa nini kaka hakutaka mzee aongee, kwa nini hataki twende kwa muuza chuma chakavu. Nikamtazama. Alikuwa anashikilia kola ya mzee, na alikuwa ananitazama mimi, si mzee. Aliona nilikoweka kidole.

Mzee alikuwa amebakiza dakika chache. Na kama ningesema nilichokiona, tairi lile lingehamia shingoni kwa kaka, ndivyo umati ulivyo, unataka mtu, haujali yupi. Nikapanda juu ya boneti na viatu vyangu vya matope.

"Acheni! Nimekosea! Si mlango wetu!"

"Wewe si umesema?"

"Nimesema, na sasa nasema nimekosea! Mlango huu ulitoka na gari hili kiwandani. Mimi ndiye mkaguzi hapa au ninyi?"

"Na kaka yako je?"

Nikamwangalia. "Mwulizeni. Kaka, ni mlango wa baba huu?"

Watu wakamsubiri, na mafuta yakawa yanadondoka kwenye udongo. Kisha akaachia kola. "Siyo," akasema. "Mdogo wangu ndiye anayejua."

Hawakufurahi. Mmoja alinivuta kwenye boneti akanizaba kofi la kupotezewa muda, na mwingine alirusha jiwe likavunja kioo cha mbele cha mzee, kisha wakatawanyika. Nilimpandisha mzee kwenye bajaji, nikampeleka hospitali nikiwa nimemshika kichwa mapajani. Mbavu mbili zilivunjika. Jicho moja madaktari walisema wasubiri waone. Njia nzima alikuwa akinishukuru, na kila shukrani iliniuma kuliko lile kofi.

Niliporudi mchana kaka alikuwa peke yake, anafagia vioo. Nilichukua nyundo ya mpira nikampiga nayo begani, nikampiga mgongoni, kwa nguvu zangu zote, na hakuinua hata mkono.

"Ulikiuza," nikasema.

"Nilikikata," akasema. "Nilianza kufungua milango vizuri kama tunavyofungua, halafu nikachukua msumeno. Nilikikata vipande huku nalia kwa raha. Vipande ndivyo nilivyouza. Nilitaka baba atoke hospitali akute nafasi tupu."

"Hakutoka."

"Najua hakutoka."

Ile hasira ya mtoto niliielewa, Mungu anisamehe. Nilikuwepo, niliiona damu ya sikio. Kama angeishia hapo ningelia naye na kumsaidia kufagia. Lakini mimi nilikuwa bado na damu ya mzee kwenye sketi yangu, imeanza kukauka na kuwa ngumu, na nilihitaji kusikia jambo moja tu kutoka kwake.

"Yule mzee," nikasema. "Nisingepanda pale juu, ungewaacha wamchome?"

Aligeuza kichwa kidogo, kama anavyofanya siku zote, ili anisikie kwa sikio zima. Alinisikia vizuri. Nilimwona akitafuta uongo, na nilitamani aupate.

"Ningewaacha," akasema. "La sivyo mama angejua ni mimi."