Mwandiko wa Mwalimu Télesphore

Ukifika kwetu Kasha ukauliza nani hapa anajua kuomba, hata mutoto mwenye kamasi puani atakuonyesha kwa kidole: pale, nyumba ya mulango wa bluu, kwa Mama Noëlla. Marcelline ndilo jina lake la ubatizo, lakini nani anamuita vile? Mwanamuke akishazaa, jina lake linazikwa. Na huyu la kwake lilizikwa vibaya, maana Noëlla mwenyewe iko chini ya udongo mwaka wa tatu sasa, na mama anaendelea kuitwa kwa jina la marehemu asubuhi na jioni, kwenye bomba la maji, sokoni, kanisani. Jaribu wewe kuvumilia ile.

Kanisa lao linaitwa Njia Nyembamba, na ni nyembamba kweli, hawachezi. Mwanamuke hasuki mèches, zile nywele za kununua, havai herini. Muziki ya dunia haiingii katika telefone yako. Nyumba yenye kunywewa kasiksi, pombe ya ndizi, huingii, hata kama ni kilio cha tonton wako. Mutu akikosa, anatengwa miezi sita. Anakaa kwenye banc la nyuma, hapewi mukono, hali sahani moja na wenzake, hakuna mutu wa kuongea naye mambo ya Mungu, na wengine wakiitika "Amina" yeye anafunga mudomo. Hata kwake nyumbani, ndiyo. Muchungaji Déogratias alishasema ile wazi: amina ya mutu aliyetengwa ni mate tu.

Bwana yake Mama Noëlla, Mwalimu Télesphore, ni muzee wa kanisa, na anahubiri. Alifundisha shule ya musingi kule Nyangezi miaka makumi tatu, mpaka magoti yakakataa ile njia. Marcelline aliingia katika ndoa bila kujua hata A. Njo Télesphore alimufundisha, kwenye meza ya jikoni, akipanga herufi na maharagi. M yake ilikuwa na mukia, unashuka chini na kupinda kushoto, na bibi naye akachukua ile M na mukia wake. Barua ikienda Kalemie kwa mutoto wao mukubwa, Josué, kijana alikuwa hajui ni baba ao ni mama ameandika.

Sasa sikia habari ya Noëlla, juu bila ile huwezi kuelewa kitu. Alikuwa na miaka kumi na kenda. Homa ya tumbo ilimukamata, Muchungaji akamupaka mafuta, akatangaza kwamba amepona. Siku ya yenga, siku ya ibada, wamama wawili walimushika makwapani, wakamupeleka mbele atoe ushuhuda. Alisema "Nimepona" kwa sauti ya mutu anayeomba maji. Kanisa likacheza mpaka vumbi ikapanda. Siku ya tatu wakamuzika. Na kanisa likasema nini? Kwamba imani yake iliteleza.

"Iliteleza wapi?" Marcelline aliuliza ndani ya roho yake. "Mutoto hakuwa hata na nguvu ya kuteleza."

Lakini ndani ya roho tu. Kwa mudomo hakusema. Yenga iliyofuata Télesphore alipanda kuhubiri juu ya Ayubu, "Bwana alitoa, Bwana ametwaa", na sauti yake haikutikisika. Bibi alimuangalia toka kwenye banc la wamama, akafikiri: huyu anaamini. Ni mimi njo mubovu katika ile nyumba. Na toka siku ile alianza kuficha. Alikuwa anapiga magoti pembeni ya bwana yake, anafumba macho, anasema maneno yote, na hakuna kitu. Anasikia pua yake ikivuta hewa, basi. Na kadiri hakusikia kitu, njo alizidi kuomba kwa nguvu, na kadiri aliomba kwa nguvu njo watu walizidi kumusifu. Mwisho wakamuchagua kuwa mwombezi wa sanduku. Mungu wangu, watu hawaoni kitu!

Sanduku liko karibu na mulango wa kanisa, la mbao, na kufuli. Mwenye shida anaandika karatasi bila jina, anatumbukiza. Kila wiki, siku ya kwanza inayofuata yenga na siku ya ine, saa mbili ya asubuhi, wamama wane wanajifungia katika chumba nyuma ya kanisa, wanakaa chini kwenye mukeka, mbabula, jiko la makala yenye moto, katikati. Kila mumoja anachukua karatasi, anasoma kimya, anaomba, anasema "Amina", anaitupa kwenye makala. Kisha anasahau. Huulizi ni nani. Huongei. Walikulisha kiapo juu ya ile.

Na unasoma ya kila namna. "Bwana yangu arudi toka Minova muzima." "Banki zifunguliwe tena, pesa zetu ziko ndani." "Mungu, huyu jirani mwenye anamwanga maji chafu katika parcelle yangu, umuonyeshe, lakini asikufe." Mama Noëlla alikuwa anaomba zote, kwa uaminifu, kama mutu anayepeleka barua kwenye nyumba yenye anajua wenyewe walishahama.

Siku moja ya kwanza, mwezi wa tatu, mvua ikipiga bati, alifungua karatasi ya daftari ya carreaux, yenye miraba, imekunjwa mara ine. Ilisema:

"Mungu, tangu umuchukue mutoto, nikiomba ninasikia sauti yangu peke yake. Nimechoka kusema uongo. Wa nyumbani kwangu wana imani. Wasijue."

Aliisoma mara ya kwanza, akafikiri: maskini. Mara ya pili akaona ile M ya "Mungu". Mukia unashuka, unapinda kushoto.

Mama weee!

Unajua alifanya nini? Alicheka. Kicheko kilimutoka katikati ya waombezi, akakigeuza kikohozi, machozi yakamushuka. Miaka tatu! Miaka tatu watu wawili wamelala kitanda kimoja, huyu anageukia ukuta, yule anageukia dirisha, kila mumoja anaficha mwenzake ugonjwa wenye mwenzake anaugua. Alisikia hasira juu ya Télesphore, hasira ya kutaka kumupiga na kijiko cha bugali. Na chini ya hasira alisikia furaha, furaha yenye alikuwa alishasahau namna yake. Hayuko peke yake. Kumbe hakuwa peke yake hata siku moja.

Alipaswa kutupa ile karatasi kwenye makala. Mukono ulikataa. Alisema "Amina" na kuifunga katika fundo ya kikwembe chake, pembeni ya kiuno. Mbele yake alikuwa amekaa Christine, bibi ya shemasi, mwenye macho ya kuku anayetafuta punje. Christine aliona kwamba hakuna kitu kilianguka kwenye mbabula. Alichukua karatasi ingine.

Wiki mzima Marcelline alitafuta mulango wa kuingilia. Siku ya pili, wakichambua maharagi, alianza: "Papa Noëlla..." akamalizia na habari ya chumvi. Siku ya ine alimukuta anatayarisha mahubiri, anatembea chumbani, anasema peke yake "Ndugu zangu, imani!", akarudi nyuma polepole. Utamuambia mutu kitu kama ile namna gani? Ni kama kumuambia unamuona uchi. Lakini wazee walisema, mficha uchi hazai. Siku ya posho, ile inayotangulia yenga, asubuhi, mvua imekatika, alimuwekea chai mezani na kukaa mbele yake, kitu chenye hakuwa na desturi kufanya.

"Papa Noëlla."

"Eeh."

"Wewe ukiomba, unasikia mutu?"

Télesphore aliweka kikombe chini. "Ulizo gani ile, mama?"

"Mimi sisikii. Tangu mutoto. Hata siku moja."

Nje mutu alikuwa anapita anauza samaki wadogo, sambaza, anaita. Walingoja mpaka sauti yake ikaishia chini kwenye njia. Mwalimu aliangalia mikono ya bibi yake, halafu fundo ya kikwembe, halafu mikono tena.

"Umesoma karatasi yangu," alisema.

"Nimeisoma."

"Uliichoma?"

"Sikuweza."

Muzee mwenye miaka makumi sita na tano alisukuma kikombe pembeni. Marcelline alifikiri atamukasirikia. Hapana. Alimuangalia vile hakumuangalia tena toka siku ya kaburi, macho ndani ya macho, na alisukuma mukono wake juu ya meza mpaka karibu na wa bibi yake. Haukugusa, lakini ulifika pale.

"Kesho," alisema. "Kesho, kisha ibada, tutaongea. Tutaongea yote, Marcelline."

Marcelline! Ile siku alipiga pasi chemise nyeupe ya Mwalimu, na pasi ya makala ilikuwa inateleza yenyewe. Alijikuta anaimba kidogo, akashangaa. Hakuwa amepata Mungu, tusidanganyane. Alikuwa amepata mutu wa kuongea naye, na kwake ile ilitosha kabisa.

Siku ya yenga, kisha matangazo, Muchungaji Déogratias hakufungua Biblia. Alisema: "Mama Noëlla, kuja mbele."

Alienda.

"Dada Christine aliona. Ulitoa karatasi ya sanduku na kiapo kiko juu yako. Iko wapi?"

Mbele ya watu mia tatu alifungua fundo ya kikwembe chake. Muchungaji aliisoma kwa sauti kubwa, neno kwa neno, na pale aliposoma "sauti yangu peke yake" wamama walishika midomo. Halafu akaigeuza huku na huku, akamupatia Papa Léopold, muzee wa baraza, mwenye aliweka lunettes na kuisogeza kwenye mwangaza.

"Lakini," Papa Léopold alisema, "hii iko mwandiko ya Mwalimu. Batoto bangu bote basita balisoma kwake. Mimi naijua hii M."

Vichwa vyote viligeuka upande wa banc la wazee, na Télesphore akasimama.

Sasa hapa nataka ujue Marcelline alifikiri nini, juu ilikuwa fikra moja tu na ilipita mbio. Alifikiri: atasema. Atasema, na watatutenga wote wawili, tutakaa kwenye banc la nyuma bega kwa bega, miezi sita, hakuna mutu atatuongelesha, na tutaongea sisi wawili mpaka tuchoke. Aliona hata nafasi yenyewe, karibu na dirisha lenye kioo kilichovunjika. Maisha yake mzima hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani ile banc.

Télesphore alikohoa. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mimi njo nilimufundisha kuandika," alisema.

Akakaa.

Hakusema uongo, angalia vizuri. Hata neno moja halikuwa la uongo. Watu wakasema "Aaaa", kama mutu anayetuliwa muzigo, na Papa Léopold akavua lunettes. Ni kweli, ni kweli, wanaandika namna moja, hawa.

"Mama Noëlla," Muchungaji alisema, "hii karatasi ni yako?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema: muulizeni vizuri. Alimuangalia bwana yake, ile kichwa ya mvi imeinama, ile chemise yenye alipiga pasi jana akiimba, na alijua kwamba huyu mutu hana kitu kingine. Wakimuondolea madhabahu, saa ngapi atakufa? Tena, maneno yote yaliyoandikwa pale, moja kwa moja, yalikuwa ya kwake vilevile.

"Ni yangu," alisema.

Miezi sita, baraza likakata. Karatasi ilichomwa palepale mbele ya kanisa, katika sahani ya sadaka. Marcelline akatembea mpaka nyuma, akakaa karibu na ile dirisha, peke yake, na Mwalimu Télesphore akapanda kuhubiri. Alihubiri vizuri. Watu walisema hakuwahi kuhubiri vile.

Nyumbani Marcelline alipika bugali na mboga ya lengalenga, akagawa sahani mbili, maana sheria ni sheria. Ya bwana aliiweka mezani chumbani. Ya kwake aliishika mukononi jikoni, nyuma ya pazia, kwenye kiti kifupi. Alimusikia akiingia, akivua viatu, akivuta kiti. Marcelline hakula. Alingoja, na moyo wake, mujinga kabisa, bado ulikuwa unatumaini.

"Ni kesho sasa," alisema toka nyuma ya pazia. "Ulisema tutaongea."

Kiti kililia kidogo.

"Télesphore. Hakuna mutu hapa. Ni mimi na wewe tu."

"Mama Noëlla," Mwalimu akajibu polepole, "unajua sheria."

Mama Noëlla. Basi. Aliweka sahani chini na kushika kichwa chake kwa mikono miwili, na kilio chenye alikiweka toka siku ya kumuzika mutoto kilimutoka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Miaka tatu alikuwa peke yake bila kujua kwamba wako wawili. Sasa anajua wako wawili, na atakuwa peke yake mpaka kaburi.

Chumbani, Mwalimu alisimama kubariki chakula. Alianza chini, halafu sauti ikapanda, ikawa ile ya madhabahu, katika nyumba yenye haina watu. Alishukuru kwa bugali. Alimuombea Josué kule Kalemie. Halafu akasema: "Na umuhurumie bibi yangu, Baba, umurudishie imani yake iliyopotea." Aliomba ile mara mbili, mara tatu, sauti ikikatika katikati.

Mwisho akasema "Amina", akangoja, vile amezoea, mutu amuitikie. Marcelline alikuwa hatua tatu toka pale, na mudomo wake ulikuwa umefungwa kwa sheria. Mwalimu alingoja kidogo tena. Kisha akajiitikia mwenyewe, akaketi, akaanza kula.