Siku Seva Yangu Ilipotia Maji Maziwa ya Mama Ndeshi

Chekeni taratibu jamani, maana hata leo nikipita kituo cha maziwa pale kwetu Mwika naangalia chini kama mtu aliyedondosha ufunguo.

Programu ya kile kituo niliitengeneza mimi. Mtu akileta maziwa, kipimo kinatuma majibu kwenye seva kwa XML (lugha ya kompyuta, ukiisoma hivyo ilivyo kichwa kinauma), programu inayageuza kuwa Kiswahili, na jina lake linatokea kwenye skrini ukutani mbele ya wote: mazuri, au yana maji. Tatizo ilikuwa inajikokota, kwa sababu kila majibu yakija inasoma upya kanuni zote za kugeuzia na kuandaa kigeuzi kipya, foleni inafika barabarani, na akina mama wana majani ya ng'ombe ya kukata. Nikasema, ya nini shida yote hii? Nikaandaa kigeuzi kimoja tu, wote wakitumie. Nikakijaribu mezani kwangu, peke yangu, kufumba na kufumbua jibu hilo hapo. Nikajiona fundi, nikakipeleka kituoni bila kumwambia mtu.

Asubuhi akaja Mama Ndeshi, jirani yetu, mjane, mzee wa kanisa, ambaye maziwa yake ndiyo watu huyafuata wakiwa na mtoto mchanga. Skrini ikaandika jina lake na: YANA MAJI. Nyuma mtu akaguna. Nami nilivyo na kiherehere nikasema kwa sauti, "Mama, mashine haisemi uongo."

Alifunika ndoo yake kwa kanga, akaondoka.

Karani wa kituo akapima tena maziwa yake yaliyobaki kwenye kikombe cha kupimia: mazuri, tena mazito. Hapo nikaelewa kosa langu. Kituoni kuna vipimo vinne, na asubuhi vyote vinatuma kwa pamoja, kwa hiyo kigeuzi changu kimoja kilishika jina la huyu na majibu ya yule, kama wapishi wanne wanaopikia sufuria moja. Nikarekebisha siku hiyohiyo: kanuni zisomwe mara moja zikae tayari kwa wote, ila kila majibu yapewe kigeuzi chake. Kasi ikabaki vilevile, lakini Mama Ndeshi hakurudi, na Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa. Iliniuma sana.

Mama yangu akanikatia jani la isale (kwetu ukiomba msamaha kwa jani hilo hukataliwi). Nikalipeleka, nikamwamkia shikamoo, nikaeleza yote huku nimeinama. Alilishika, akaniambia:

"Nimelipokea, mwanangu. Ila ulinichafua mbele za watu, halafu unanisafisha huku jikoni?"

Kesho yake, foleni ikiwa imejaa na yeye amekuja na ndoo yake, nikasimama na kusema maji hayakuwa kwenye ndoo ya Mama Ndeshi, yalikuwa kichwani mwangu. Walicheka mpaka karani akaweka kipimo chini. Mama Ndeshi mwenyewe hakucheka. Alimimina maziwa yake, akatazama skrini, na mimi nikaitazama naye. MAZURI. Akachukua kanga aliyokuwa amefunikia ndoo, akajifunga kiunoni, akaniambia nimbebee ndoo hadi nyumbani.

Siku hizi sipeleki kitu kituoni kabla sijaita watu kadhaa waje kubonyeza vitufe vya majaribio kwa pamoja, na yule wa kwanza kuitwa ni Mama Ndeshi. Anabonyeza kwa nguvu kweli.