Besi ya Tata Yaenda Ijumbi Kutafuta Nyuzi

Nilisafiri kwenda Ijumbi kwa sababu ya waya wa breki ya baiskeli. Ngoja nieleze vizuri, maana wajukuu wangu huanza kucheka kabla sijafika popote. Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mpiga besi wa bendi moja pale Bukoba mjini. Besi yenyewe si gitaa la kuning'iniza begani. Ilikuwa besi ya kusimama, ndefu kunizidi, ile ambayo mpigaji anaikumbatia. Baba yangu, fundi seremala wa Kagondo, ndiye aliyeichonga kwa mbao za msizi. Enzi za mkoloni aliitwa kutengeneza viti katika klabu ya Wazungu, akaona besi imeegemea ukuta, akaipima kwa kamba huku mwenye klabu akidhani anapima kiti. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa na ujanja wake.

Nyuzi za dukani zikakatika moja baada ya nyingine, na madukani hakuna. Nani angeagiza nyuzi za besi wakati hata sabuni ilitafutwa kwa tochi? Nikafunga nyaya za breki. Kusikika, zilisikika! Fundi redio alikuwa amenitengenezea sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, ameitoa kwenye simu mbovu, tukaiweka chini ya nyuzi na kuiunganisha na amplifaya. Chuma kikicheza juu ya sumaku, spika inaunguruma. Lakini zile nyaya zilivuta kwa nguvu mno. Kile kibao kinachobeba nyuzi, tunakiita daraja, kikakandamiza kifua cha besi, na siku moja katikati ya mazoezi tukasikia paa! Kifua kimepasuka.

Leonidas, kiongozi wetu wa bendi, hakuwa mtu wa kubembeleza. "Projest," aliniambia, "sherehe za Uhuru tunapiga Muleba. Besi isiposikika siku hiyo, namtuma mtu Mwanza alete gitaa la besi. Hilo dude mrudishie mzee wako alifugie kuku."

Kufugia kuku! Nilirudi Kagondo nimevimba kwa hasira. Tata aliutazama ule ufa, akauziba kwa gundi na kipande cha mbao kwa ndani, kisha akaniangalia kama mtu aliyemkuta mwanawe kamfunga mbuzi kwa mnyororo wa meli.

"Mti huu hautaki chuma," alisema. "Nyuzi za dukani za zamani zilikuwa za utumbo wa mnyama. Tukatafute za mnyama."

"Wapi, Tata?"

"Ijumbi. Kwa shangazi yako kuna mpiga nanga. Nanga inafungwa nyuzi za mishipa ya ng'ombe. Ng'ombe ni ng'ombe." Nanga ya kwetu si ya meli, ni ala ya ubao yenye nyuzi, inayopigwa imelazwa mapajani.

Bukoba stendi. Asubuhi tuliifunga besi kwa mkeka na shuka jeupe la mama, maana mvua za mwezi wa kumi na mbili kwetu hazibishi hodi. Hapo ndipo tulipokosea. Kitu kirefu, kimefungwa shuka jeupe, kinabebwa na baba na mwana wenye nyuso za huzuni: abiria wote walivua kofia. Akina mama Wakatoliki wakapiga ishara ya msalaba. Utingo aliyekipandisha juu ya basi alikishika kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwa utingo mwingine hadi leo. Njiani hakuna aliyezungumza kwa sauti. Mama mmoja aliyeketi nyuma yetu akaniinamia, akasema, akitumia neno letu la heshima, "Poleni sana, waitu. Alikuwa nani wenu?"

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Tata, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu asiyesema uongo hata kwa mkusanya kodi, akamjibu taratibu: "Hajafa, mama. Ana ufa kifuani. Tunampeleka Ijumbi akafungwe mishipa."

Mama yule akashangaa, kisha akatuombea rozari nzima hadi Muhutwe.

Muleba. Tulishuka mchana, tukaazima baiskeli kwa mwenye duka aliyemfahamu Tata, tukailaza besi juu yake na kuisukuma. Barabara ya Ijumbi ilipita katikati ya migomba, na chini ya migomba mibuni, na kila nyumba mtu anatoka kuuliza. Tulichoka kwa kueleza kuliko kwa kutembea. Siku hizi nikipita njia ile kwa gari napita upesi, hakuna anayeniuliza kitu, na nasikitika. Wakati ule mtu hakuwa na haki ya kupita na mzigo usiojulikana.

Ijumbi, nyumbani kwa shangazi. Ma Paskazia, dada yake Tata, aliolewa kwa Wakatoliki na hakuacha kumtania kaka yake kwa hilo. Alitupokea kwa vigelegele, akatandaza majani mapya sakafuni, akatupa kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Kwetu mgeni asipopewa kahawa ya kutafuna anajua hakukaribishwa.

"Mlutheri leo kaja na mwanamke wa mbao," alisema, akiizunguka besi. "Una kiuno, dada! Umekula nini?"

"Mlete Rwegasira, acha maneno," Tata akajibu, lakini alikuwa anacheka.

Ta Rwegasira, Ta kwetu ni kama kusema mzee, alikuja jioni, jua bado lipo. Alikuwa mpiga nanga wa kuitwa kwenye harusi tangu Ijumbi hadi mbali, na alilijua hilo vizuri. Alivaa koti juu ya kanzu, akaketi, akatafuna kahawa bila haraka, akaitazama besi yetu na kutoa hukumu: "Hii ni nanga iliyokataa kulala."

Tulipomweleza shida yetu alikataa. Nyuzi alizokuwa nazo, zilizokwisha kulowekwa, kuchanwa, kusokotwa pajani na kukaushwa kati ya miti miwili, alikuwa amejiwekea yeye mwenyewe kwa sherehe zile zile za Uhuru. Na kusokota nyingine kusingewahi. Niliona gitaa la Mwanza linakuja, na kuku wa Kagondo wanaingia kwenye nyumba yao mpya.

Tata hakumbembeleza. Alimwomba tu apige nanga kidogo. Rwegasira akapiga, akaimba habari za mtu aliyevuka mto na mikuki mingapi sijui, na sisi tukaitikia kama inavyotakiwa. Alipomaliza Tata akasema, "Nilichonga kitu hiki ili kitoe sauti kama hiyo. Sijui kama kinaitoa. Sijawahi kukisikia dansini, mimi ni mzee wa kanisa."

Rwegasira akaacha kutafuna. Nadhani hakuna msanii anayeweza kuvumilia maneno ya namna hiyo. "Nitawapa," alisema. "Lakini nyuzi za nanga haziuzwi. Anayepewa anataja jina la aliyempa kabla ya kupiga mbele ya watu. Usipolitaja, zitakatika."

"Nitalitaja," nikasema.

"Kwa sauti?"

"Kwa kipaza sauti, waitu."

Hapo akatabasamu.

Kesho yake ndiyo ilikuwa kazi. Nanga ni uzi mmoja mrefu, unakwenda na kurudi kwenye meno ya ubao, unene wake mmoja tu. Kwa hiyo Rwegasira akatufungia nyuzi nne za unene uleule. Nikamwambia, mzee, huu wa chini lazima uwe mnene, la sivyo ukilegezwa kushuka sauti hautalia. Akaniambia yeye amefunga nyuzi kabla sijazaliwa. Sawa. Akafunga. Ule wa chini ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Niliuvuta ukasema plap. Ma Paskazia alicheka hadi akaketi kwenye majani, na Rwegasira mwenyewe, baada ya kununa kidogo, akasema, "Basi tuufanye mnene, kijana, usinitazame hivyo."

Tukasokota upya: wa juu uzi mmoja, unaofuata mbili pamoja, kisha tatu, na ule wa chini kabisa mishipa minne iliyopindwa hadi ikawa kama kidole cha mtoto. Sasa sauti zikapatikana. Lakini mishipa ni laini kuliko waya, haivutwi sana, ikicheza inatapatapa na kupiga kwenye shingo ya besi. Nyaya za breki zilitaka daraja fupi. Hizi zilitaka refu. Tata akaomba gogo la mbuni mzee uliokwisha ng'olewa, akachonga daraja jipya pale uani, akilipunguza kidogo, anasimamisha, anasikiliza kwa kidole, anapunguza tena. Mbao ya mbuni ni ngumu na inasema ukweli, alisema. Alipomaliza nikapiga nyimbo mbili na watoto wa jirani wakaanza kucheza. Nilifurahi jamani! Vidole vyangu, vilivyochanwa na waya kwa miezi, vilihisi vimerudi nyumbani.

Muleba tena, siku ya sherehe. Mvua ilitukuta njiani. Mishipa inapolowana inalegea, kwa hiyo tuliifunika kwa magome makavu ya mgomba, na tulipofika Muleba tukaikausha taratibu karibu na jiko la mama muuza maandazi. Uwanja ulikuwa umejaa bendera na watu wa vijiji vyote, wengine na senene, wale panzi wetu watamu, wa kukaanga kwenye vikapu. Leonidas alikuwa ameshafunga amplifaya kwenye betri ya gari. Nikaweka sumaku yangu chini ya nyuzi, nikachomeka, nikapiga.

Kimya.

Nikapiga tena. Nyuzi zinacheza, naziona kwa macho yangu, spika hata pumzi haitoi. Ndipo akili ikanijia, kwa kuchelewa: sumaku husikia chuma. Ng'ombe haimhusu! Tulikuwa tumekwenda Ijumbi, tumeombewa rozari, tumesokota mishipa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza hilo. Magitaa mawili yakaanza kujaribiwa pembeni, na besi ikamezwa kama sauti ya mtu anayesema chini ya blanketi.

Leonidas alinitazama, si kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma. "Projest, umejitahidi," alisema. "Basi. Kesho namtuma mtu Mwanza."

Tata alisimama pale ameshika mfuko wake wa zana.

Sasa, Leonidas alikuwa na gramafoni ya betri aliyoipenda kama mboni ya jicho. Wakati bendi ikipumzika aliiunganisha na amplifaya na kupiga santuri ili watu wasitawanyike. Alipokwenda kuiweka tayari, mkono wake ukagonga kile kichwa cha sindano, na spika ikatoa dup! kubwa, kama mtu amegonga mlango. Mimi na Tata tukatazamana. Kile kichwa hakina habari na chuma. Kinasikia mtikisiko. Na mbao inatikisika.

"Leonidas, niazime kichwa cha gramafoni yako."

"Wewe una wazimu? Kikivunjika, mapumziko watu watasikiliza nini? Vyura?"

"Kiongozi," Tata akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza naye, "nipe mimi. Mimi nimeitengeneza besi hii. Kikiharibika nitakutengenezea kitanda cha ndoa, cha msizi, bila deni."

Leonidas alikuwa anaoa Pasaka. Akafikiri. Akakitoa.

Tata alikata kipande cha mpira wa tairi la ndani, akakifunga kichwa kile kwenye daraja la mbuni, sindano ikigusa mbao tu, taratibu, kama anavyogusa mkunga. Nikachukua kipaza sauti nikasema, "Nyuzi hizi ni za Ta Rwegasira wa Ijumbi!" Watu wa Ijumbi wakalipuka kwa vifijo. Nikapiga.

Ee Mungu wangu. Haikuwa sauti kali ya breki. Ilikuwa nzito, ya duara, ilipita chini ya miguu ya watu kabla haijafika masikioni. Mpiga ngoma aligeuka kunitazama. Leonidas akasahau kuingiza gitaa lake, akaingia amechelewa, akicheka. Wazee waliokuja kusikiliza hotuba tu wakaanza kutikisa mabega. Tulipiga mpaka jua linazama, hapakuwa na mapumziko, na hakuna aliyeulizia santuri.

Tata hakucheza, hakuketi. Alisimama mbele ya spika mchana wote amewapa watu mgongo.

Kurudi. Asubuhi Leonidas alikuja stendi ya Muleba kutuaga. "Mzee, Mwanza hatuendi," alisema. "Na kichwa cha gramafoni kaeni nacho. Kitanda nakitaka."

Ndani ya basi niliwaza niliyojifunza, nikipapasa malengelenge yangu. Nyuzi zenye nguvu si lazima ziwe nyuzi bora. Unachagua nyuzi kwa mti utakaozibeba, halafu daraja kwa nyuzi, halafu sikio la umeme kwa vyote viwili, na ukiruka moja utalia. Vijana wanaokuja kuniuliza siku hizi nawaambia hivyohivyo, ingawa nyuzi zao zinatoka dukani kwenye pakiti.

Tulipofika Kemondo, ziwa likiwa jeupe upande wa kulia, Tata aliniuliza bila kunitazama, "Projest, ile sauti ya jana. Niliichonga mimi?"

"Wewe, Tata."

Akaitikia kwa kichwa. Mimi nikageukia dirisha hadi Kagondo, maana nilikuwa nalia na sikutaka abiria waanze tena kutupa pole.