Pembe Nne za Joe Ferenchak

Ilikuwa mwaka 1988. La, nakosea. Themanini na nane ndio mwaka bomba la kanisa lilipopasuka, tukasali Pasaka miguu ikiwa majini. Hili lilikuwa mwaka uliofuata. Kiwanda cha chuma kilikuwa kimeshafungwa, na mjini kwetu duka lililokuwa likijaa watu kila Jumamosi lilibaki moja tu, duka la kadi la Rudy Hudak.

Kadi zenyewe ni vipande vya karatasi ngumu vya kuenea kiganjani. Mbele kuna picha ya mchezaji wa besiboli, nyuma hesabu za michezo yake. Zamani zilikuja ndani ya pakiti za chingamu, na wavulana walizichezea ovyo. Walizirusha ukutani kushindana, walizibana kwenye spoki za baiskeli ili zipige kelele. Walipokua, mama zao wakazitupa. Hapo ndipo ilipo siri ya bei yake, kwa sababu zingebaki zote, leo zisingenunua hata kikombe cha kahawa. Wale wanaume wazima waliojaa kwa Rudy, na vitambi vyao na wajukuu wao, walikuwa wakinunua kwa bei ya gari kitu ambacho mama zao walikipeleka jalalani. Kila mmoja alikuwa na kisa cha mama yake, na ilikuwa kama salamu: huingii kwa Rudy bila kukitoa.

Ila mama zao wengi walikuwa wameshakufa. Wa Rudy alikuwepo palepale dukani.

Veronika Hudak alikuwa na miaka sabini na kitu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni kando ya kabati la kioo, akifunga kwa karatasi laini vitu vilivyonunuliwa, na mchana akiwapakulia watu kabeji zilizojazwa wali na nyama alizokuja nazo kutoka nyumbani. Hiyo ndiyo kazi aliyojua kuwa ni yake. Nyingine ilikuwa kuonyeshwa.

"Unamwona bibi huyu mwenye sura ya mtakatifu?" Rudy alikuwa akimwambia kila mteja mgeni. "Jambazi huyu. Boksi zima la viatu, limejaa! Mimi niko jeshini nalinda taifa, yeye nyumbani ananifilisi."

"Mama Hudak, ni kweli hayo?"

"Kweli tupu," Veronika alijibu, akicheka kidogo, maana alishajua mahali pa kucheka.

Rudy hakusema hata mara moja kwamba ilikuwa wiki aliyokufa baba yake, Stefan. Enzi zile maiti ililazwa sebuleni, na mtaa mzima ulikuja kukesha. Veronika alisafisha nyumba kuanzia darini hadi chini, ili jeneza lipite na wageni wapate pa kukaa. Kilichokuwa kimelowa, kilichokuwa kimetafunwa na panya, kilitoka nje, na boksi la Rudy likatoka pamoja navyo. Rudy alipewa ruhusa jeshini, akafika, akazika. Jioni ileile akapanda chumbani kwake, akashuka na kuuliza, "Kadi zangu ziko wapi?" Mvi zilimwota bado anauliza.

Iliyomuuma kuliko zote ilikuwa ya Joe Ferenchak. Joe alikuwa mtoto wa bonde letu, baba yake mchimba makaa, mkono wake wa kushoto wa kurushia mpira ukamfikisha ligi kuu. Kadi yake ya mwaka wa kwanza ilichapwa msimu ukiwa unaisha. Watoto walikuwa wameshahamia mchezo mwingine, wenye maduka hawakuagiza, na nyingi zilitupwa pakiti zikiwa hazijafunguliwa. Rudy alikuwa nayo moja.

"Ukinirudishia Ferenchak, Mama, tumemalizana," alimwambia mara nyingi mbele ya watu, na watu walicheka. Kwa Veronika haukuwa mzaha. Kwake ile ilikuwa ahadi, na kila alipopita mahali penye mabaki ya watu, mnada wa kanisa au vyombo vya marehemu vilivyoanikwa uani, macho yake yalikuwa yakimtafuta Joe.

Baada ya Pasaka jirani yake, Anna Lesko, alifariki. Veronika alikwenda kusaidia kusafisha. Kwenye droo ya jikoni, chini ya karatasi iliyotandikwa chini ya vijiko, alimkuta Joe Ferenchak amelala kifudifudi. Aliketi palepale sakafuni. Mtoto wa Anna, aliyetoka mbali na aliyekuwa na haraka zake, alimwambia, "Chukua, mama. Chukua chochote."

Kadi ilikuwa na masizi ya kiwanda, mkunjo mwepesi katikati, na pembe zake zilikuwa zimetoka nyuzinyuzi kama mswaki uliochoka. Sasa mkumbuke, Veronika alikuwa amekaa kwenye kile kiti miaka mingi akisikiliza. "Pembe, bwana, pembe!" ndiyo ilikuwa sala ya duka. Rudy alikuwa akishika kioo cha kukuzia na kusema, "Pembe zikiwa kali kama wembe, tutazungumza. Pembe butu, rudi nayo kwenu." Safi, iliyonyooka, yenye pembe. Hayo aliyasikia kila Jumamosi. Ambalo hakuwahi kulisikia ni lile wanalolijua wote, na kwa kuwa wote wanalijua hakuna anayelitamka: kadi haitengenezwi, ukiitengeneza umeiua bei yake. Ikiwa chafu, iache na uchafu wake.

Basi akafanya kama alivyojua. Alitoa sehemu laini ya ndani ya mkate mpya, akaifinyanga donge, akaisugulia kadi taratibu, jinsi wanawake wa kwetu walivyosugua masizi kwenye karatasi za ukutani kila masika. Masizi yakatoka. Akatandika leso juu, akapitisha pasi ya uvuguvugu, mkunjo ukalala. Mwisho akachukua mkasi wake mdogo wa kukatia matundu ya vifungo, akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akapunguza kila upande kama unene wa kucha. Alipomaliza, pembe zote nne zilichoma kidole.

Alitaka kumpa faraghani. Jumamosi aliwahi, lakini wateja walikuwa wamemtangulia.

"Rudy, mwanangu, njoo huku nyuma kidogo."

"Sema hapahapa, Mama. Hatuna siri, ulishaiba kila kitu."

Watu wakacheka. Akamkabidhi leso iliyokunjwa.

Rudy aliifungua. Uso wake ukarudi kuwa wa mtoto wa miaka kumi. Veronika aliuona uso ule, akausogelea.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa Anna, Mungu amrehemu. Tumemalizana sasa?"

Rudy aliisogeza kwenye mwanga. Alikuwa ameshaanza kuigeuza. Akachukua kadi nyingine ya mwaka uleule, akailaza juu yake. Ya juu ilizidi pande zote nne.

"Mama. Umeikata?"

"Nimenyoosha pembe tu. Zilikuwa zimechakaa vibaya. Si wewe mwenyewe unasema pembe..."

"Yesu na Maria," alisema Chet Novotny, fundi magari, mteja wa siku zote. "Rudy, hiyo ingekuezekea nyumba nzima."

Rudy aliwageukia watu, si mama yake. "Mara ya kwanza alizitupa zote kwa mkupuo," alisema. "Sasa amejifunza kuua moja moja."

Duka zima likaangua kicheko. Chet alicheka hadi akashika kabati. Na Veronika, kwa mazoea, akacheka nao, akajikuta amechelewa na wengine wameshanyamaza.

Wiki hiyohiyo Joe Ferenchak aliwekwa kabatini, rafu ya mbele, na kibandiko: KAZI YA MAMA. HAIUZWI. Kisa cha dukani sasa kikawa na sehemu mbili. "Mama, waonyeshe mkasi," Rudy alikuwa akisema, na Veronika aliutoa mfukoni mwa aproni akauinua juu. Alipoombwa aonyeshe alivyokata, alionyesha. Hata hivyo lile neno haiuzwi lilimpa moyo. Alimwambia dada yake, "Ameiweka. Angekuwa na kinyongo angeitupa." Kila asubuhi alikifuta kioo cha rafu ile kabla ya vingine.

Kiangazi akaja mtu wa mji wa Cleveland, shati la maua, sauti kubwa. Alisikiliza kisa chote, akafuta machozi ya kicheko, akasema anaitaka.

"Imeandikwa haiuzwi," alisema Veronika.

"Nitaitundika chooni, bibi. Kila mgeni wangu ataiona."

Rudy alikuwa ameshafungua kabati. "Chukua. Na Mama nakuongezea bure, ila umfiche mkasi." Kisha, bila kumtazama, "Mama, mfungie bwana."

Veronika aliifunga. Alikata karatasi laini, akaiviringisha mara mbili, akaweka ubao mwembamba nyuma. "Uangalie pembe," alimwambia yule mtu, na hilo nalo likachekesha.

Jumamosi iliyofuata alikuja kama kawaida na sufuria lake. Alikuja majira mawili ya baridi zaidi, mpaka mapafu yalipomkataa. Tulimzika Februari, ardhi ngumu kama chuma, na baada ya maziko tukala kwenye ukumbi chini ya kanisa. Rudy alisimama na glasi mkononi akawasimulia watu kisa cha mkasi, sehemu zote mbili, na kwa kweli alikisimulia vizuri kuliko siku zote. Watu walicheka midomo ikiwa na chakula.

Nilingoja akae. Nilimsogelea, nikamwuliza kwa upole, na nimemwuliza tena mara nyingi tangu hapo, nikawauliza na wengine waliokuwa dukani siku ile: ile kadi ingekufikia nzima, haijakatwa, Rudy, pembe zake zilezile butu na masizi yake, ungemsamehe?