Mwanamke Aliyelia kwa Macho ya Wengine

Kwa miaka mingi kazi ya Rugmini ilikuwa kuwaingizia sauti waigizaji wa kike waliotoka Mumbai, mabinti wazuri wasiojua Kimalayalam, lugha ya Kerala, hata cha kuombea maji. Wao walichezesha midomo. Yeye, kwenye studio ya Kochi, akawapa maneno, kicheko na kwikwi. Kerala nzima iliijua sauti yake, lakini sokoni hakuna aliyegeuka kumtazama.

Jambo hilo lilimnyima raha. Nyumbani hakukalika: mara jikoni, mara mlangoni, chai ikipoa mkononi.

"Hivi una siafu miguuni?" mumewe, Sukumaran, alimtania.

Ndipo mwongozaji mmoja kijana, Jinesh, akampa nafasi ya kuonekana kwenye filamu: aigize mama muuza maziwa, huko mashambani Palakkad. Rugmini hakulala wiki nzima. Lakini alipofungua mdomo mbele ya kamera, wapiga picha wakaangua kicheko.

"Dada, samahani," Jinesh alisema. "Nikifumba macho nawaona wale mabinti wa Mumbai. Itabidi tutafute mtu akuingizie sauti."

"Mimi? Niingiziwe sauti mimi?"

Akalizunguka zizi la ng'ombe walipokuwa wakipigia picha, kama aliyepoteza kitu, machozi yakimlengalenga. Alizaliwa karibu na hapo. Studio ndiyo iliyomfutia lafudhi ya kwao, na tangu mama yake afariki hakuwa ameitumia na mtu. Akarudi amejifunga kibwebwe kiunoni.

"Washa hiyo kamera!"

Akamgeukia mwigizaji aliyecheza mteja. "Maziwa yangu yana maji? Haya, kamkamue ng'ombe mwenyewe, na ukipigwa teke usije kulilia hapa!"

Alivuta maneno kama mama yake. Wanakijiji waliokuja kutazama wakapiga makofi. Jinesh akasema tu, "Hiyo hiyo, dada. Usibadilishe."

Siku filamu ilipotoka, Rugmini alishindwa kukaa kwenye kiti pale sinema. Sehemu yake ilipokaribia akachomoka hadi nje ya ukumbi, akawa anakwenda na kurudi. Ghafla kicheko kikalipuka ndani. Sukumaran akatoka mbio.

"Rudi ndani, mwanamke! Watu wanavunjika mbavu!"

"Wanacheka nini? Sura yangu?"

"Maneno yako!"

"Una hakika?"

Akamshika mkono, akamwingiza. Rugmini akatazama akiwa amesimama, mgongo ukutani, mpaka taa zikawashwa. Wiki iliyofuata studio ilimpigia simu: kuna binti mwingine kutoka Mumbai anayehitaji sauti. Akawaambia watafute mtu mwingine, kisha akajuta mchana kutwa, na jioni akafurahi.